Kabla Hujaijaza Fomu ya Uzamivu

Walimu wenzangu hapa Malindi huniuliza mara kwa mara kama wasome tena, ilhali wana kazi na watoto wadogo. Huniuliza mimi kwa kuwa niliisoma shahada ya uzamili huku nikifundisha sekondari na kulea watoto wawili, na kwa kuwa wanajua kwamba fomu ya uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD), niliichukua mwaka jana na hadi leo imo kwenye droo. Jibu langu huanza na swali lisilopendeza: saa za kusomea utazichukua kwa nani?

Nasema "kwa nani" kwa makusudi, maana siku ya mama mfanyakazi haina saa isiyo na mwenyewe. Nilipoanza uzamili nilipiga hesabu ya karo na ya nauli ya matatu ya kwenda Kilifi na kurudi kila Jumamosi, nikaona naimudu. Saa sikuzihesabu hata kidogo. Zilitoka kwa mavyaa wangu, aliyekuja kukaa nasi muhula mmoja akakaa miaka mitatu, na zilitoka kwa kitinda mimba wangu, aliyezoea kulala kwenye mkeka chini ya meza yangu, mguu wake ukigusa wangu ili ajue nikiinuka. Siku moja nilikuta ameandika jina lake kwa penseli katika ukurasa wa shukrani wa rasimu yangu ya tasnifu, juu kabisa, kabla ya jina la msimamizi. Nilicheka, kisha nikaona haya.

Kwa hiyo kaa kwanza na wale watakaoubeba mzigo huo, uwaeleze ni siku zipi hutakuwapo na kwa muda gani. Usimwambie mavyaa kwamba utasoma "kidogo". Mwambie ni Jumamosi zote, na usiku pia wakati wa kuandika, kisha umtazame anavyonyamaza.

Fedha nazo zina majira yake hapa kwetu. Mume wangu ni mpishi wa hoteli, na masika yanapoingia, kuanzia Aprili, wageni hupungua na hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, lakini muhula haungoji wageni warudi. Karo iliyonikuta Mei niliilipa kwa kuuza cherehani yangu. Anayesoma Malindi na aiweke karo ya masika tangu Desemba, mji ukiwa umejaa.

Kisha uliza shahada hiyo itakufungulia mlango gani, na umuulize mwenye mlango. Mimi niliamini kwamba uzamili ungenipandisha cheo moja kwa moja, kwa kuwa ndivyo walivyosema walimu wa zamani. Kosa lilikuwa langu, kwani miongozo ya sasa ya Tume ya Huduma kwa Walimu haimpandishi mtu kwa sababu tu ameleta cheti kipya, nami sikujisumbua kuisoma. Uzamivu humfaa zaidi anayetaka kufundisha chuo kikuu. Anayebaki sekondari ataisoma kwa kupenda elimu, sababu ambayo siidharau, ila aitaje kwa jina lake nyumbani ili asiwaahidi watu mshahara usiokuja. Ajue pia kwamba safari yenyewe ni ndefu: pendekezo la utafiti, leseni ya utafiti kutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kukusanya data, kuandika, na makala za kuchapishwa katika majarida ya kitaaluma kabla ya kuhitimu. Miaka mitatu inayotajwa ndiyo michache kabisa, na kwa mtu aliye kazini mara nyingi huzidi.

Uamuzi wangu ni kungoja. Tumekubaliana na mume wangu kwamba fomu itatoka kwenye droo mdogo atakapoingia gredi ya saba, na kwamba kabla ya hapo nitasoma machapisho ya fani yangu polepole, kwa muda wa saa moja tu alfajiri ya Jumapili, saa ambayo sijamnyang'anya mtu. Wiki iliyopita mavyaa alikuwa akigeuza chapati, akaniuliza bila kuniangalia, "Ile karatasi yako ushaitupa?" Nikamjibu bado. "Basi unambie mapema," akasema, "nami nna mambo yangu."