Maswali ya wasomaji: rangi ya gari na redio ya Japani

Fundi, gari langu jeusi likipigwa na jua linaonyesha mikwaruzo ya duara kila mahali. Naweza kuiondoa mwenyewe? (Jinja)

Unaweza, ila pitisha ukucha kwanza. Ukikwama kwenye mkwaruzo, huo umezama mno, polishi haiuwezi. Vanishi ya kiwandani, lile tabaka angavu juu ya rangi, mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele, na kila unapopiga kompaundi (polishi kali ya kusugua) unaipunguza.

Osha kwa maji mengi hadi lile vumbi jekundu liishe. Ukilifuta kavu unajipigia msasa, na bila shaka mikwaruzo yako ilianzia hapo. Kisha kivulini, bodi ikiwa baridi, jaribu polishi laini kwenye kipande cha sentimita 40 kwa 40, ufute, umulike kwa tochi ya simu. Mikwaruzo ikibaki, ndipo uchukue kompaundi. Kingo za milango na mikunjo ya boneti zibandike tepu ya karatasi, maana huko vanishi huisha upesi. Na tafadhali, usifunge sponji kwenye grainda ya kukatia chuma! Ile huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Itaunguza rangi kabla hujashtuka.

Kitambaa kinatoka na rangi ya gari. Nimeliharibu? (Mbale)

Kama lilipakwa rangi isiyo na vanishi juu, ni kawaida. Kama lina vanishi, acha sasa hivi.

Nimenunua gari lililotoka Japani, redio inashika vituo vichache tu. Imekufa? (Arua)

Nzima kabisa. Redio nyingi za Japani zilitengenezwa kwa FM ya megahezi 76 hadi 90, na sisi vituo vyetu viko 88 hadi 108. Nunua ekspanda, kijisanduku kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio. Waya wake mwekundu unaunga penye umeme wa volti 12 ufunguo ukiwashwa, mweusi kwenye bodi. Ekspanda ya megahezi 12, yaani inayoshusha kila kituo kwa 12, itakuletea kituo cha 100 mahali palipoandikwa 88, lakini mwisho wake ni 102. Kama kituo unachokipenda kiko juu ya hapo, tafuta ya 20, ambayo nayo itakukosesha vya chini ya 96. Ukichoshwa na hesabu hizo, badilisha redio.

Fyuzi ya redio inakatika kila nikiwasha. Jirani anasema niweke kubwa zaidi. (Entebbe)

Mwambie hapana. Fyuzi inalinda waya. Ukiweka ya ampea 20 palipokuwa na 10, kitakachoungua ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi usikouona. Fungua hasi ya betri, chomoa plagi nyuma ya redio, weka fyuzi mpya ya 10, rudisha betri, washa ufunguo. Ikikatika tena, kuna waya unaogusa bodi: fuata ule unaotoka kwenye fyuzi, ukitazama hasa unapopita kwenye vyuma. Ikidumu, ugonjwa uko ndani ya redio.