Kipima kina kwenye boti kuukuu ya tanga: usitoboe kabla ya kujaribu kwa glavu

Ndugu, umeuliza kama umruhusu fundi atoboe boti yako ya faibaglasi ya futi 19, ya miaka ya 1970, afunge kipima kina kabla hujaivuta kwenda Naivasha. Mwambie aweke keekee chini kwanza. Mimi nina boti ya umri huohuo, futi 18, inalala kwenye trela uani kwangu Dagoretti. Kazi hii nimeifanya mara mbili, ya kwanza vibaya, ya pili vizuri. Kipima changu kina mwaka wa sita sasa na boti haina tundu hata moja jipya chini ya mstari wa maji.

Kifaa hiki hupiga sauti na kusikiliza mwangwi, kwa kutumia kijichwa kiitwacho transdusa. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 3 mwangwi umesharudi baada ya sehemu nne tu kati ya elfu za sekunde moja. Sauti hiyo hupenya faibaglasi iliyo ngumu tupu. Nguvu yake hupungua, lakini sisi wa Naivasha hatutafuti mita mia. Sehemu kubwa ya ziwa ni kina cha mita chache tu, na penye kina kirefu zaidi ni kule kwenye kreta ya Crescent Island. Adui ni hewa. Povu gumu la plastiki lililojazwa katikati ya ganda, mbao za balsa, plaiwudi, hata kiputo kimoja cha ukubwa wa punje ya mtama mbele ya transdusa, vyote vinadhoofisha au kuua mwangwi. Kama boti ingekuwa ya mbao ningekwambia toboa, na utumie ya shaba nyeusi badala ya plastiki, kwa sababu mbao hufura na kuipasua plastiki. Yako ni faibaglasi, tuendelee.

Tafuta mahali mbele kidogo ya mkuku, ule uti wa chini ya boti unaoshuka majini, pembeni mwa mstari wa katikati, pasipotoka majini boti ikilalia upande kwa upepo. Nyuma ya mkuku usipaguse, maji ya huko yamejaa mapovu. Kisha piga kwa mpini wa bisibisi, pole pole, sentimita kwa sentimita. Faibaglasi ngumu hulia kavu na kali, kama ukigonga kikombe cha udongo. Penye povu au uwazi sauti hufifia na kuwa nzito. Boti nyingi ndogo za zamani zina ganda la pili kwa ndani, na kati ya maganda mawili pamejaa hewa. Ukikuta hivyo, itabidi ukate kidirisha kwenye ganda la ndani ulifikie la nje. Kukata huko hakutoboi ganda la nje.

Sasa jaribio, na hili halifanyiki Nairobi kwenye trela. Boti lazima iwe majini. Zamani tungetumia mfuko wa plastiki, lakini tangu ipigwe marufuku 2017 mimi hununua glavu ya mpira duka la dawa. Ijaze maji, ilaze pale ulipopachagua baada ya kumwaga maji kidogo chini yake, kisha itumbukize transdusa ndani kupitia mdomo wa glavu, uso ukitazama chini. Mara yangu ya pili nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, maji yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, mtu wangu juu anasoma namba. Sehemu ya kwanza ikatoa vistari vitupu. Nikasogea upana wa kiganja kuelekea omo, yaani mbele ya boti, akapaza sauti: 2.4. Nikasubiri dakika tano, 2.4. Nikaweka alama kwa kalamu ya wino mzito. Dakika hizo tano ndizo zilizoniokoa na tundu la milimita 50.

Mara ya kwanza sikujaribu hivyo. Nilipaka silikoni, nikaikandamiza transdusa juu yake na kwenda kulala. Ilisoma vizuri wiki mbili, halafu ikaanza kuruka kutoka mita 3 hadi 0.6, kisha kimya. Nilipoibandua nikakuta viputo vimetapakaa ndani ya silikoni kama mkate. Ndiyo maana sasa napendekeza bomba lenye mafuta.

Chukua kipande cha bomba la PVC la maji taka ambalo transdusa yako inaingia kwa nafasi. Hapa usiharakishe: ubavu wa boti umeinama, na transdusa lazima itazame chini wima, kwa hiyo mdomo wa bomba unakatwa mshazari kufuata mwinamo huo. Inua au shusha shingo ya trela hadi mstari wa maji wa boti uwe sawa kwa pima maji, kisha shusha timazi na uchore kwenye boksi la katoni kwanza. Mimi niliharibu katoni tatu kabla ya kugusa bomba. Piga msasa hadi rangi yote itoke, futa kwa asitoni, gandisha bomba kwa epoksi na uzungushie utepe wa faibaglasi. Eneo la Viwandani, Nairobi, rezini na utepe hupimwa kwa kadiri unavyotaka, huna haja ya kununua debe. Ikishakauka, mimina parafini ya maji, ile ya duka la dawa wanayopewa waliofunga choo. Usije ukamimina mafuta ya taa kwa kuchanganya majina: yale yananuka na yanashika moto. Tumbukiza transdusa imeinama upande ili hewa itoke, isimamishe, funga kifuniko. Mwanzo wa kila msimu chungulia kama mafuta yamepungua.

Nyaya ni kazi fupi. Fyuzi iwe karibu na betri, ya ukubwa uliotajwa kwenye kitabu cha kifaa. Vishikio vyake utavipata Kirinyaga Road, Nairobi. Waya wa transdusa usiukate wala kuuunga, hata kama fundi anasema ni mrefu mno. Uviringe uufiche, mbali na waya za injini.

Namba nayo inahitaji kuelezwa. Kifaa hupima kuanzia uso wa transdusa, ukiwa na ruhusa ya kuongeza au kupunguza. Tuseme transdusa iko sentimita 20 chini ya maji na mkuku wako unashuka mita 1. Ukiongeza 0.2 unapata kina chote kutoka juu ya maji. Ukipunguza 0.8 unapata maji yaliyobaki chini ya mkuku. Mimi nimechagua kina chote, na nimeandika kwa rangi kando ya kioo: MKUKU 1.0. Kabla ya hapo mpwa wangu alichukua boti, akaona 0.9 akidhani ni chini ya mkuku, akakwama kwenye tope karibu na mafunjo saa tisa alasiri, upepo wa Naivasha ukiwa umeamka. Kushuka kusukuma haiwezekani, viboko wamejaa pale. Walihangaika kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, hadi magharibi.

Hakikisha kwa bildi, ile kamba ya kupimia kina kwa mkono. Kamba, risasi ya kilo moja, vitambaa vya rangi kila mita. Mzee mmoja wa Lamu alinifundisha kupaka sabuni chini ya risasi ili ipande na tope au mchanga nijue sakafu ikoje. Bildi ikizidi kipima kwa sentimita kumi au ishirini usishtuke: risasi huzama kwenye tope laini, sauti hugonga juu yake. Ukiipeleka boti Kilifi utaona tofauti nyingine. Maji ya chumvi yenye joto husafirisha sauti haraka kuliko ya Naivasha, kwa takriban asilimia 4. Kwenye mita 2 ni sentimita 8 tu.

Halafu jambo linalonisumbua kuliko yote. Ziwa lilipofurika miaka ile ya 2019 na 2020 lilimeza migunga, nyua na nguzo. Kipima kinatazama chini, hakitazami mbele. Kitakwambia mita 3 safi huku kisiki kikiwa hatua mbili mbele ya omo. Ukikaribia ukingo wa zamani, shusha tanga kubwa, weka mtu mbele mwenye upondo.

Ukishagonga hapo mbele ya mkuku, andika sauti umeipata vipi na kama kuna ganda la ndani. Weka na picha.