Sukari ikiwa juu, usikimbilie kukimbia

Asubuhi ile mashine yangu ya kupima sukari ilisoma 17.8 (mmol/L). Usiku kucha kiu ilikuwa imenisumbua, nimeamka mara tatu kunywa maji na mara tatu kwenda msalani. Nikajiambia ni pilau la harusi ya jana kule Pangani. Nikachoma insulini yangu ya asubuhi, nikavaa raba, nikaingia barabara ya Raskazone hapa Tanga kwenda kuitoa hiyo sukari kwa mbio. Siku zote tunaambiwa mazoezi yanashusha sukari, na mimi nilitaka ishuke upesi, kwa hiyo nilikaza mwendo kuliko kawaida.

Nilirudi baada ya dakika 40, nikapima: 23.1. Nikanawa mikono, nikapima tena: 22.8. Kufika saa tano nilikuwa natapika, tumbo linakata, nahema kama mtu anayepanda mlima ilhali nimelala kitandani. Mdogo wangu akainama kunipa maji, akasema, "Dada, mdomo wako unanuka kama matunda yaliyoivia ndani." Ndipo tukatafuta bajaji ya kwenda hospitali. Nililala huko siku tatu na dripu.

Nina kisukari aina ya 1, yaani kongosho langu halitoi insulini, tangu niko kidato cha tatu, na bado nilikosea. Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyenifungua macho. Aliniuliza, "Mwanangu, insulini yako uliiweka wapi siku ya harusi?" Kwenye mkoba, ndani ya gari, juani, kuanzia asubuhi hadi magharibi. Ilikuwa imeungua. Nilikuwa nachoma sindano isiyo na kazi, halafu naenda kukimbia.

Sasa elewa kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji kukariri masharti. Fikiria nyumba ambayo tangi la juu limejaa maji mpaka yanamwagika, lakini mabomba yote ya ndani yamefungwa. Watu wa ndani wanalia kiu, na anayeendesha pampu akisikia kilio anazidi kupandisha maji. Misuli inayokimbia bila insulini ndiyo hao watu wa ndani. Sukari imejaa kwenye damu ila haiingii vya kutosha kwenye misuli, na ini likiona misuli inadai chakula linamwaga sukari nyingine. Mwili ukikosa hata hiyo unageukia mafuta, na mafuta yakivunjwa kwa wingi yanaacha ketoni. Ketoni zikijaa, damu inakuwa na tindikali. Hiyo ndiyo hali iliyonilaza, na inaua.

Kwa hiyo siku hizi mstari wangu ni 14. Mashine ikisoma zaidi ya hapo sigusi raba kabla ya kupima ketoni. Natumia vijiti vya mkojo, vinauzwa kwenye maduka makubwa ya dawa. Unachovya, unasubiri sekunde zilizoandikwa kwenye kichupa, unalinganisha rangi. Kikielekea zambarau, hakuna mazoezi siku hiyo, hata kutembea. Unakunywa maji, unafuata maelekezo ya daktari wako kuhusu insulini ya kuongeza, na ukianza kutapika au kuhema kwa nguvu unaondoka nyumbani saa hiyo hiyo, husubiri kesho. Wenye mashine ya kupima ketoni kwenye damu, ikisoma 1.5 au zaidi mazoezi hayafai kabisa. Chini ya 0.6 ndiyo hali ya kawaida.

Ketoni zikiwa hazipo, mwili uko sawa, na najua sababu ya sukari kupanda, labda nimetoka kula wali saa moja iliyopita, natoka. Lakini natembea, sikimbii. Mbio za kasi na kunyanyua vyuma vinaamsha homoni ya adrenalini, na adrenalini inapandisha sukari hata kwa mtu mwenye insulini ya kutosha. Naenda na chupa ya maji, maana sukari ikiwa juu mkojo unakukausha, na joto la Tanga mnalijua. Baada ya dakika 20 napima. Ikiwa inapanda, narudi nyumbani.

Mama yangu ana aina ya 2 na kwake mambo ni mepesi kidogo. Kongosho lake bado linatoa insulini, ketoni kwake ni nadra, na akitembea robo saa baada ya ugali sukari inashuka kweli. Hata hivyo, ikivuka 16 huku ana kiu na kichwa kinamuuma, namwomba akae, anywe maji, apumzike. Pia nampekua miguu kabla na baada, maana kisukari kimemwondolea hisia za vidole na lengelenge dogo linaweza kugeuka kidonda cha miezi. Na mwenye tatizo la macho lililotokana na kisukari asinyanyue vitu vizito mpaka daktari wa macho aseme.

Jambo moja naliona kwa vijana wenzangu wenye aina ya 1, na linaniogopesha: sukari ikipanda baada ya mazoezi makali, wanachoma dozi kubwa ya kuishusha. Usifanye hivyo. Misuli itaendelea kunyonya sukari kwa saa nyingi, sukari itashuka kupita kiasi, na unaweza kuzimika usingizini. Mimi natembea na pakiti ya glukosi mfukoni hata siku niliyotoka na 13.

Insulini yangu sasa inakaa kwenye mtungi wa udongo wenye maji kidogo chini, umeme uwepo usiwepo. Nikisafiri inaingia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, iliyopoozwa kwa maji baridi na kukaushwa, nami naipakata.

Juzi asubuhi mashine ilisoma 15.2. Kijiti hakikubadilika rangi. Nilichoma dozi yangu, nikanywa maji, nikaenda kazini. Saa kumi na moja jioni ilikuwa 8.9, nikavaa raba, nikatembea mpaka baharini na kurudi.