Ukitaka kuchora uwanja wa ndege wa Goma, uliza kwanza ni Goma ya mwaka gani

Wadogo zangu mnaoingia FlightGear, programu huria ya kuigiza kurusha ndege ambayo viwanja vyake tunavichora wenyewe, najua mnataka kuanza na jengo la abiria. Mimi pia nilianza hapo. Umeme ukirudi usiku naamka, nafungua Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu, nachora madirisha. Wiki mbili zikapita, kumbe jirani yangu wa mtaa wa Himbi hapa Goma alikuwa akichora jengo lilelile, na lake lilikuwa limeshapokelewa. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi!

Tangu siku ile kundi letu lina daftari. Daftari la karatasi, maana mega za intaneti zinaisha lakini karatasi inabaki. Tunaandika uwanja, nani ameushika, ameshika kipande gani, tangu lini. Mtu akinyamaza miezi miwili, kipande kinapewa mwingine, na hakuna kununa.

Safu inayotusaidia kuliko zote ni ya chanzo na mwaka wake. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika upande wa kaskazini wa njia ya kurukia. Njia iliyokuwa na karibu mita 3000 ikabaki na kama 2000, na mawe yale yalikaa miaka mingi kabla ya kuondolewa. Kwa hiyo utakuta ramani mbili zinapingana, na zote zilisema kweli siku zilipochapwa. Sisi tulibishana jioni nzima, kila mtu na karatasi yake mkononi, hadi mzee mmoja akauliza: za mwaka gani? Hakuna aliyekuwa ameangalia.

Vipimo navyo vina mtego. Katika faili la apt.dat, linaloeleza uwanja na njia zake, kimo cha uwanja kinaandikwa kwa futi. Katika faili za stg, zinazopanga majengo na miti, kimo ni mita. Goma ina futi zaidi ya 5000. Ukiiweka namba hiyo mahali pa mita, hangari yako itaelea juu kuliko kilele cha Nyiragongo. Nimeiona kwa macho yangu, na tulicheka hadi machozi. Folda nazo, kila moja ikibeba mraba wa digrii moja wa ramani, huitwa kwa kona ya kusini-magharibi ya mraba huo: Goma haifiki digrii 2 kusini, lakini folda yake ni e029s02, yaani mashariki 29, kusini 2. Kavumu ya Bukavu ni e028s03, Lubumbashi e027s12.

Picha: msisimame kwenye ukuta wa uwanja na simu mkononi. Hapa kwetu utaulizwa maswali marefu, na hakuna modeli inayostahili usumbufu huo. Picha za kuokota kwenye intaneti pia zitakataliwa, kwa sababu kila unachotoa lazima kiweze kugawiwa kwa GPL, leseni inayomruhusu kila mtu kutumia, kubadili na kugawa. Rangi za ukuta pakeni wenyewe.

Uwanja ambao una kazi ya mtu tayari, chukueni toleo lake la mwisho mliendeleze. Mdogo mmoja alianza na ukurasa mtupu, na maegesho yote yaliyopangwa na wenzake yakapotea kwenye faili lake jipya. Na msishangae jengo likionekana mapema huku njia ya kurukia ikibaki ya zamani: majengo hushuka yenyewe kwa TerraSync, sehemu ya FlightGear inayopakua mandhari kwenye intaneti, lakini njia imekatwa ndani ya ardhi, inangoja ardhi nzima itengenezwe upya.

Mgeni wetu wa karibuni tumempa Kavumu. Anaanza na mfuko wa upepo.