Umetoka Mtongwe, Lakini Meli Haikujui

Wiki hii tumepata ujumbe wa msomaji wa Likoni. Yeye na wenzake wa kozi moja ya Jeshi la Wanamaji la Kenya walipikwa pamoja Eldoret, wakateremka Mtongwe kufundwa uanamaji, na baadhi yao walikuwa majini Kismayu ilipotekwa Septemba 28, 2012. Leo wengi wamevua magwanda. Mmoja yuko kwenye meli ya kontena, wawili ni walinzi wa maghala Changamwe, mmoja anatengeneza mashine za boti huko Shimoni, na waliobaki, kwa maneno yake, "wanangoja". Anauliza: tulifunzwa na mkufunzi mmoja, tukala sufuria moja, mbona aliyepanda meli ni mmoja tu?

Si nyota yake, bwana. Ni karatasi.

Meli za biashara duniani zinafuata mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia uitwao STCW, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa 1995 na tena Manila mwaka 2010. Ibara ya tatu ya mkataba huo inasema wazi kwamba hauwahusu wanaohudumu kwenye manowari na meli nyingine za serikali zisizofanya biashara. Kwa hivyo miaka yako kumi na mbili kwenye manowari, hata kama ulishika usukani kwenye kusi kali la Julai, haigeuki yenyewe kuwa cheti cha meli ya mizigo. Inauma, tunajua. Mtu aliyeokoa wenzake baharini anaambiwa akasomee namna ya kuvaa boya. Lakini anayekuambia hivyo hakutukani. Meli ikikaguliwa bandari ya ugenini, mkaguzi hataki kusikia habari za vita, anafungua faili la vyeti. Baharia akikosa kimoja, meli inaweza kuzuiwa, na kila siku ya kuzuiwa ni hasara ya mwenye meli.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla hujatoka getini, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Wanatoka na cheti cha kumaliza utumishi kinachosema "alihudumu katika Jeshi la Wanamaji miaka 12, tabia njema sana". Cheti kizuri cha kutundika sebuleni, ila anayehesabu muda wako wa baharini hakimfai kitu, kwa sababu ndani ya miaka hiyo 12 kuna kambi, likizo, kozi, lindo la geti na meli iliyolala gatini miezi. Unachohitaji ni barua ya muda wa baharini, meli moja kwa mstari mmoja: jina la meli, ukubwa wake kwa GT (kipimo cha ujazo wa meli), nguvu za injini kwa kilowati, tarehe uliyopanda, tarehe uliyoshuka, cheo chako ndani ya meli (si cheo cha bega), na siku ambazo meli ilikuwa majini kweli. Mfano: alipanda Machi 3, 2014, akashuka Novemba 20, 2014, fundi wa zamu chumba cha injini, siku 263 kwa jumla, kati ya hizo 141 baharini. Sahihi, muhuri, na namba ya simu ya ofisi inayoweza kuthibitisha.

Kilowati usizisahau. Ngazi za vyeti vya mafundi zimepangwa kwa nguvu za injini: kuna mpaka wa kW 750, halafu kW 3,000. Barua isiyo na namba hiyo hurudishwa, na ukishakuwa raia, kurudi kambini kuomba irekebishwe ni safari ndefu. Wala usitake barua itaje operesheni. Ikitaja mlikwenda wapi na kufanya nini, itakwama kwa wakubwa, na wana haki. Siku na mashine zinatosha.

Jambo jingine la kufanya ukiwa bado ndani ni masikio. Injini za mwendo kasi na mizinga huyala polepole, mtu hajui mpaka mkewe aanze kulalamika kwamba televisheni inapiga kelele. Pima usikivu kabla ya kutoka na uchukue nakala, kwa sababu ukipimwa baadaye na kukutwa na upungufu, kuthibitisha kwamba ulitokana na utumishi ni kazi. Macho pia: mtu wa sitaha asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi zamu ya usiku, kwani taa za pande za meli ni rangi hizo mbili. Cheti cha afya cha baharia hudumu miaka miwili, na kipimo cha rangi kisizidi miaka sita. Usilipie kozi yoyote kabla hujapita kipimo cha macho. Kuna watu wamemaliza akiba yao kwenye kozi, ndipo daktari akawafungulia kile kitabu cha madoa ya rangi.

Baada ya hapo ndiyo mafunzo ya msingi ya usalama, nayo ni manne: kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wake chomboni. Ongeza na ya ufahamu wa ulinzi wa meli. Mwanamaji huyapita haya akisinzia, ila hakikisha chuo kimeidhinishwa na KMA, mamlaka yetu ya masuala ya baharini, kwa kozi hiyo hasa unayoilipia. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi mbili na kikakuuzia tano. Kujiokoa na moto huhuishwa kila miaka mitano, kwa hivyo ukizifanya leo kisha ukakaa barazani miaka minne, umebakiwa na mwaka mmoja wa kuuza.

Sasa ngazi. Hapa kiburi kimewaponza watu. Sajenti aliyeongoza vijana ishirini hataki kuanza kama baharia wa zamu chini ya kijana wa miaka 24. Lakini cheti cha baharia wa zamu, sitaha au injini, kinahitaji miezi sita ya baharini, au mafunzo maalumu pamoja na angalau miezi miwili; ni mlango ulio karibu. Baharia kamili wa sitaha ni miezi 18 akishapata kile cha kwanza, au 12 pamoja na mafunzo. Uofisa wa zamu ni miezi 12 ukiwa ndani ya programu iliyoidhinishwa, na nje ya programu ni 36. Kiasi gani cha muda wako wa jeshini kitahesabiwa, hilo huamuliwa na KMA kwa kuangalia barua yako. Ndiyo maana tumekaa sana kwenye barua.

Wale wawili wa Changamwe hatuwabezi, mshahara ni mshahara. Tunachokataa ni waajiri wanaoona mwanajeshi na kufikiria lango tu, kana kwamba mtu aliyeendesha jenereta, pampu na mitambo ya baridi miaka kumi hajui kitu ila kusimama. Kama unapenda ulinzi, ule wa silaha melini uliwahi kuwa na donge. Uharamia wa Somalia ulipotulia, mashirika ya meli yakafuta eneo lao la hatari kubwa la Bahari ya Hindi Januari 1, 2023, na safari zikapungua. Mwisho wa mwaka huohuo maharamia wakarudi kidogo, na Wahouthi wa Yemen wakaanza kurusha makombora Bahari ya Shamu. Bunduki ya mlinzi haizuii kombora. Mara nyingi malipo ni kwa safari, siku za kungoja hotelini hazihesabiwi, kwa hivyo usichukue mkopo wa ploti kwa kutegemea kazi hiyo.

Na huyo wa Shimoni? Tungekuwa na mdogo wetu fundi wa injini, tungempeleka kwake. Wavuvi wengi wanatumia mashine za kupachika nyuma ya boti, za mipigo miwili, nazo hufa kwa mambo yaleyale. Mchanganyiko wa kawaida ni 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Mvuvi akibana oili, pistoni inakwama, akizidisha, plagi zinajaa masizi. Maji yasipotoka kwenye tundu la kupoozea, anza na impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, kabla hujagusa kitu kingine, kwa maana mpira wake hukatwa na mchanga wa maji ya kupwa. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia: vua propela, mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti na kukata sili, ule mpira unaozuia maji. Badilisha sili, sio oili peke yake, la sivyo atarudi wiki ijayo akikutukana. Mfundishe kila mteja aiendeshe mashine ndani ya pipa la maji matamu kama dakika kumi akitoka baharini. Utapoteza kazi kidogo, utapata jina. Kusi likivuma boti hutoka kwa nadra na pesa hupungua, basi weka akiba ya Kaskazi.

Msomaji wetu ameongeza mwishoni kwamba kuna wakala anamdai "ada ya nafasi" ili ampandishe meli. Mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza baharia kutozwa kwa kupatiwa kazi. Wewe unalipia vitu vitatu: cheti cha afya cha kisheria, kitabu cha baharia, na pasipoti. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Muulize huyo wakala namba ya leseni yake, kisha nenda nayo KMA mwenyewe ukaulize kama wanamjua. Usimtumie pesa hata ya nauli kabla hujarudi kutoka huko.