Jibu: Kampuni inayumba, je, nikiondoka ni usaliti?

Dada, umeuliza kama utakuwa umemsaliti bosi ukiondoka sasa, wakati hamjalipwa miezi mitatu na amewaomba mvumilie. Pole sana. Nimepita huko. Nilikaa miaka tisa kwenye kiwanda cha uchapaji hapa Dar, na kilipoanza kuyumba nilikuwa nanunua hata mafuta ya jenereta kwa pesa yangu. Nilikipenda kweli. Kilichoniuma kuliko mshahara ni kugundua kwamba michango yetu ya NSSF ilikuwa inakatwa na haipelekwi.

Kwa hiyo kabla hujafikiria moyo wako, nenda NSSF kachukue taarifa ya michango yako. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Kama bosi anakata na kupeleka, na anawaonyesha hali ya madeni bila kuficha, mimi ningempa muda, lakini muda wenye tarehe. Kama anakata na kukaa nazo, huyo hakuombi uvumilivu, anakukopa bila kukuuliza.

Madai ya mshahara yaandikie barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa madai ya namna hii kuna siku 60 tangu mgogoro uanze. Wengi wetu tuliziacha zipite kwa kumwonea bosi haya.

Na wenzako wa idarani umeongea nao? Nendeni pamoja.