Msomaji Anauliza: Miaka 64 Katika Bunge la Jimbo

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi. Profesa wetu, alipokuwa akitufundisha habari za mabunge ya majimbo, alimtaja kwa kupita Mmarekani mmoja aitwaye Fred Risser, aliyekaa katika bunge la jimbo la Wisconsin kwa miaka 64 bila kukatiza. Darasa zima liliguna. Mwenzangu akasema kwamba kumbe huko nako wapo watu wanaong'ang'ania viti kama huku kwetu. Naomba utueleze mtu huyo ni nani, na iliwezekanaje akae muda wote huo.*
*Mwanafunzi, Katuba*

Mwanangu, hesabu ya profesa wako ni sahihi. Fred Risser alizaliwa tarehe 5 Mei 1927 katika mji wa Madison, makao makuu ya Wisconsin. Alitumikia jeshi la majini mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Oregon, kisha akarudi kwao kufanya kazi ya uwakili. Mwezi Novemba 1956 alichaguliwa kwa tiketi ya chama cha Democratic kuingia katika baraza la chini la jimbo, na Januari 1957 akaapishwa akiwa na umri wa miaka 29. Mwaka 1962 alihamia Seneti ya jimbo, na humo hakutoka mpaka Januari 2021, akiwa na miaka 93. Katika historia yote ya Marekani hakuna mbunge, awe wa jimbo au wa taifa, aliyetumikia muda mrefu kuliko yeye.

Ukitaka kuuona urefu huo, upime kwa mji wetu. Alipoapishwa, hapa paliitwa Élisabethville, na wenyeji wa mitaa yetu walikuwa hawajawahi kuchagua mtu yeyote. Kura ya kwanza ya madiwani, waliyoipiga wanaume peke yao, ilifanyika Desemba ya mwaka huohuo wa 1957, hapa kwetu, Léopoldville na Jadotville, ambayo leo tunaiita Likasi. Ukaja uhuru, Katanga ikajitenga Julai 1960 na kurudishwa Januari 1963, mji ukapewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, nchi ikawa Zaire mwaka 1971 na kuliacha jina hilo mwaka 1997, kisha mwaka 2015 Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne. Miaka hiyo yote, kule Madison, karani wa bunge aliendelea kuliita jina lilelile.

Ninaposema kuliita, ninamaanisha kuliita kwa sauti. Baraza la chini la Wisconsin lilifunga mashine ya umeme ya kupigia kura tangu mwaka 1917, likiwa bunge la kwanza Marekani kufanya hivyo, lakini Seneti, yenye viti 33 tu, ilibaki na desturi ya zamani: karani anasoma jina, mwenye jina anajibu ndiyo au hapana kwa kinywa chake, na wenzake wanamsikia. Desturi hiyo naipenda, kwa sababu mtu hawezi kuificha kura yake nyuma ya kitufe.

Sasa nije kwenye neno la mwenzako, kung'ang'ania, kwa maana ndilo lenye uzito katika barua yako. Katika baraza la chini la Wisconsin muhula ni wa miaka miwili, na katika Seneti ni wa miaka minne. Risser alisimama mbele ya wapiga kura mwaka 1956, akarudi 1958, akarudi 1960, akasimama tena 1962, na kuanzia 1964 akawa anarudi kila baada ya miaka minne hadi mara ya mwisho mwaka 2016. Jumla yake ni zaidi ya mara 15 za kuwaendea watu walewale na kuwaomba upya.

Linganisha na yaliyotupata sisi. Tarehe 29 Oktoba 2006, siku ileile ya duru ya pili ya kumchagua rais, niliingia kwenye foleni katika uwanja wa shule moja ya Kamalondo alfajiri kabla ya jua, nikachagua mbunge wangu wa jimbo, nikatoka na wino kwenye kidole nikiwa na furaha ambayo sijaisahau. Katiba ilikuwa imempa mheshimiwa huyo miaka mitano. Uchaguzi uliofuata wa mabunge ya majimbo ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, yaani miaka 12 baadaye, na katikati hapo jimbo lenyewe tulilomchagulia lilikwisha kugawanywa, wabunge wakatawanywa katika mabunge manne mapya. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake siku ile ya foleni alikuwa tayari yuko shule ya sekondari. Kwa hiyo, ukiniuliza mimi ni nani aliyekaa zaidi, yule wa miaka 64 au wetu wa miaka 12, nitakujibu kwamba wetu ndiye aliyekaa zaidi, kwa sababu alikaa miaka saba ambayo hakuna aliyempa. Urefu wa utumishi ninauhesabu kwa mara ambazo mtu amerudi kuomba; kalenda peke yake hainiambii kitu.

Hata hivyo, sitaki uchukue hoja yangu bila kuipima. Eneo la Risser lilikuwa katikati ya mji wa Madison, penye Chuo Kikuu cha Wisconsin, na hapo chama chake kina wafuasi wengi mno, kiasi kwamba mara kadhaa hakupata mpinzani hata mmoja. Kurudi kuomba kwa watu ambao hawana mwingine wa kumpa ni kurudi kwepesi. Wamarekani wenyewe wameliona jambo hilo, na majimbo 16 yameweka ukomo wa miaka ya ubunge. Huko California, kwa mfano, mtu anakoma akifikisha miaka 12. Wisconsin haina ukomo huo. Mimi binafsi naona ukomo wa sheria ni dawa ya pili, na dawa ya kwanza ni uchaguzi unaofanyika siku yake, lakini najua wasomaji wengi watanipinga, na wana sababu.

*Mheshimiwa Mhariri, kukaa ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine. Mtu huyo mnayemsifu alileta faida gani kwa raia wa kawaida?*
*Muuguzi, Kampemba*

Dada, kwa kazi yako nadhani utaifurahia sheria hii moja. Kwa miaka mingi sana Risser alipigania watu wasivutishwe moshi wa tumbaku wa wenzao ndani ya nyumba za umma na mahali pa kazi. Wenye baa na wenye mikahawa walikataa, kampuni za sigara zilikataa, na muswada ukawa unakufa na kuletwa tena. Hatimaye, mwaka 2009, gavana Jim Doyle alitia sahihi sheria iliyokataza kuvuta sigara ndani ya sehemu za kazi, zikiwemo baa na mikahawa, nayo ikaanza kutumika tarehe 5 Julai 2010. Hapo ndipo ninapoona thamani ya mtu aliyekaa: muswada ulioshindwa haukupotea na mwenyewe, maana mwenyewe alikuwapo mwaka uliofuata na mwingine uliofuata. Alikuwa pia rais wa Seneti kwa vipindi kadhaa virefu, na alishiriki kwa karibu katika ukarabati wa jengo la bunge la Madison, lile lenye kuba la mawe ya matale.

*Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 2011 huyo Risser na wenzake walilikimbia bunge lao wakaenda kujificha jimbo jingine. Mimi nilifundisha miaka 31, na mwanafunzi aliyeruka ukuta wa shule nilimwadhibu. Tofauti ni ipi?*
*Mwalimu mstaafu, Kamalondo*

Mwalimu wangu, swali lako ni gumu, na nimelitafakari siku kadhaa kabla ya kuandika.

Gavana mpya, Scott Walker wa chama cha Republican, alikuwa ameleta muswada wa kupunguza karibu haki yote ya vyama vya watumishi wa umma, walimu wakiwamo, kujadiliana na mwajiri juu ya masharti ya kazi. Katiba ya Wisconsin inataka kwamba muswada unaohusu fedha upigiwe kura wakiwapo angalau tatu kwa tano ya wabunge. Katika viti 33 hiyo ni watu 20. Chama cha gavana kilikuwa na 19. Wabunge wa Democratic walikuwa 14, na tarehe 17 Februari 2011 wote 14 walivuka mpaka wakaingia jimbo la Illinois, ambako askari wa Wisconsin hawakuwa na mamlaka ya kuwarudisha. Hakuna akidi, hakuna kura. Risser alikuwa na miaka 83, na mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa bado rais wa Seneti hiyohiyo aliyoikimbia.

Nyuma yao, Madison ilijaa watu. Walimu, wauguzi, wazima moto na wanafunzi waliingia ndani ya jengo la bunge kwa maelfu, wengine wakalala usiku juu ya sakafu ya marumaru wakiwa na mablanketi, ngoma zikipigwa chini ya kuba. Hali hiyo iliendelea kwa muda wa wiki tatu. Kisha, tarehe 9 Machi, wenye wingi wakayaondoa katika muswada yale yaliyohusu fedha, na kwa kuwa yaliyobaki hayakuhitaji akidi kubwa, wakayapitisha bila wale 14. Siku tatu baadaye wakimbizi hao walirudi Madison wakiwa wameshindwa, na umati ukawapokea kwa shangwe.

Mwanafunzi wako, Mwalimu, aliruka ukuta ili asionekane. Hawa walitoka ili waonekane. Walisema wazi wamekwenda wapi na kwa nini, walijiweka katika hatari ya kuondolewa na wapiga kura, na waliutumia mlango ambao katiba yenyewe iliuacha wazi kwa ajili ya walio wachache. Sisi hapa tunaijua sana siasa ya akidi, lakini kwetu mara nyingi kiti kitupu kina maana kwamba mwenye kiti anangoja kuitwa pembeni. Huo ndio utoro ambao ningetaka uadhibiwe kwa fimbo. Bado nakubali kwamba bunge lililotorokwa haliwezi kufanya kazi, na kwamba mbinu hiyo ikizoeleka, walio wachache watatawala kwa kutokuwapo. Ningekuwa mmoja wa wale 14 ningekwenda, ila nisingelala vizuri.

*Ndugu yangu Mhariri, naambiwa baba yake mtu huyo alikuwa mbunge, na babu yake pia. Basi tofauti yake na waheshimiwa wetu wanaoachiana viti na watoto wao ni nini?*
*Mama mwuza vitenge, mtaa wa Kenya, Lubumbashi*

Mama, umeambiwa kweli, na zaidi ya hapo. Baba yake alikuwa seneta wa jimbo kwa chama cha Progressive, babu yake upande wa mama, Ernest Warner, alikuwa katika baraza la chini, na babu wa mama yake, Clement Warner, aliyepoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa mbunge vilevile. Jina lilimsaidia, hilo halina ubishi.

Lakini angalia mlango alioingilia. Kwetu, mgombea anaandikisha pamoja na jina lake majina ya mbadala wawili, wale tunaowaita supleyan, na wengi huandika mke, mtoto au mdogo wake; mheshimiwa akipewa uwaziri, kiti kinabaki nyumbani na mpiga kura haulizwi. Risser hakukipokea kiti kutoka kwa baba yake, maana baba yake alikuwa ameondoka bungeni miaka kadhaa kabla hajachaguliwa. Na alipoingia Seneti mwaka 1962, kiti kilikuwa wazi kwa sababu seneta Horace Wilkie aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama kuu kabisa ya jimbo. Hapakuwa na mbadala aliyeandikwa, wananchi wakaitwa kupiga kura upya katika uchaguzi mdogo, naye akaushinda.

Ametokaje, hilo hukuuliza, lakini linakamilisha jibu lako. Mwezi Machi 2020 alitangaza mwenyewe kwamba hatagombea tena. Hakumtaja mtoto wala mpwa wa kukalia nafasi yake. Watu kadhaa wa chama chake waliitaka, wakashindana katika kura ya mchujo mwezi Agosti, na mwezi Novemba akachaguliwa Kelda Roys, mwanamke mwanasheria ambaye hakuwa wa ukoo wake. Januari 2021 karani wa Seneti ya Wisconsin alisoma orodha ya majina 33, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1962 jina la Risser halikuwamo.